Lau Joe Louis Angalikutana na Muhammad Ali

Katika mabaraza yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, yako maswali yasiyokwisha. Huulizwa baada ya sala ya Isha, dele la kahawa likiwa juu ya makaa; yakajibiwa, na kesho yake yakaulizwa tena kana kwamba hayakuwahi kuguswa. Moja katika maswali hayo ni hili: lau Joe Louis angalikutana na Muhammad Ali, kila mmoja akiwa katika ujana na nguvu zake, ni nani angalitoka ulingoni akiwa mshindi?

Msomaji asiyependa ngumi asifanye haraka kugeuza ukurasa. Swali hili nimeletewa na mzee wangu mmoja, na kwa namna alivyolileta sikuweza kulitupa.

Zamani, pale barazani kwetu Kibokoni, walikuwako wazee wawili waliokuwa wakiketi pamoja kila usiku. Mmoja alikuwa baharia, mtu aliyezijua bandari nyingi za dunia. Wa pili alikuwa fundi wa mbao. Sitawataja kwa majina. Nitamwita mmoja Bwana Baharia na mwingine Bwana Fundi. Sisi watoto tulikuwa tukiketi ukingoni mwa baraza, tukila kashata na kusikiliza.

Bwana Baharia alikuwa mtu wa Joe Louis. Alituambia kwamba aliiona filamu ya Louis akipigana na Mjerumani Max Schmeling, katika jumba la sinema la bandari moja ya ng'ambo, na tangu siku hiyo hakuona tena bondia wa kulinganishwa naye. Bwana Fundi alikuwa mtu wa Muhammad Ali, na sisi sote tulikuwa upande wake. Nani katika pwani hii hakuwa wa Ali? Alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, kule ilikuwa saa 10 alfajiri na huku kwetu saa 12 asubuhi. Ilikuwa mwezi wa Shawwal, harufu ya Idi haijatoka nguoni, na Bwana Fundi alipenda kusema kwamba mwaka ule alipata Idi mbili.

Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 1980 Ali alipigwa vibaya na Larry Holmes mjini Las Vegas. Usiku mmoja, habari hizo zikiwa bado mbichi, Bwana Baharia alisema kwa upole kwamba Joe Louis angaliimaliza kazi ile mapema zaidi. Bwana Fundi alikuwa na uchungu. Akamjibu mbele ya watu:

"Huoni haya wewe, kumtukuza asiyekuwa Muislamu juu ya ndugu yako katika dini? Imani yako yataka kutazamwa."

Bwana Baharia hakujibu. Aliweka kikombe chini, akavaa makubadhi yake, akenda zake.

Baada ya hapo walisalimiana. Walizikiana jamaa zao, na waliswali safu moja. Lakini habari ya ngumi haikutajwa tena baina yao, na Bwana Baharia akafariki bila ya neno lile kuombewa radhi.

Mwezi uliopita Bwana Fundi, ambaye sasa hatembei ila kwa mkongojo, aliniita nyumbani kwake.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe waandika magazetini na wajua kupekua mambo. Nipimie wale watu wawili kwa haki. Sitaki uniridhishe. Nataka kujua kama marehemu alisema upuzi, au mimi ndiye niliyesema upuzi."

Nikamwambia, "Ami, jambo hilo halina jibu la yakini."

Akasema, "Hata kadhi hukata kesi ambayo hakuiona ikitendeka."

Basi hii ndiyo hukumu yangu.

NENO "LAU"

Kwanza nilisita. Chuoni mwalimu wetu alikuwa akituonya sana juu ya neno "lau", kwamba ni ufunguo wa mlango wa shetani. Lakini mwalimu yuyo huyo alitufafanulia kwamba lau inayokatazwa ni ile ya mtu anayeikasirikia kadari ya Mola wake: lau ningalifanya hivi nisingalifikwa na vile. Kupima uwezo wa watu wawili kwa yale waliyoyatenda hadharani ni jambo jingine, madhali mpimaji hajidai kujua ghaibu.

Wala si baraza letu peke yake lililopenda mchezo huu. Mwaka 1967 mtayarishaji mmoja wa vipindi vya redio huko Marekani, Murray Woroner, alitia habari za mabingwa wa zamani katika kompyuta, akatengeneza mashindano ya kubuni na kuyatangaza redioni kama kwamba yanapiganwa kweli. Kompyuta ikasema kwamba Ali angalishindwa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ali alikasirika akaenda mahakamani. Wakapatana, na mapatano yenyewe ndiyo yaliyozaa filamu: mwaka 1969 Ali na Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu bila ya kushindwa hata mara moja, waliingia ulingoni mbele ya kamera na kuigiza raundi nyingi. Marciano alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo, filamu haijaonyeshwa bado. Ilipoonyeshwa Januari 1970, watu wa Marekani walimwona Marciano akishinda katika raundi ya 13. Ulaya ikaonyeshwa filamu yenye mwisho mwingine, na humo aliyeshinda ni Ali. Mwenyewe Ali alifanya mzaha kwamba kompyuta ile bila shaka iliundwa Alabama, jimbo lililosifika kwa kuwaonea watu weusi.

Kisa hiki kina funzo. Ikiwa mashine isiyokuwa na moyo iliweza kutoa hukumu mbili, moja ya kuwafurahisha hawa na nyingine ya kuwafurahisha wale, sisi wenye mioyo tuna hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo nimejitahidi kuyaacha mapenzi yangu mlangoni pamoja na viatu.

NI LOUIS YUPI NA ALI YUPI?

Mtu hapimwi akiwa mzee. Louis aliyepigwa na Marciano mwaka 1951 alikuwa na miaka 37, na alirudi ulingoni kwa sababu ya madeni. Ali aliyepigwa na Holmes alikuwa na miaka 38, na dalili za maradhi zimekwisha kumwingia. Wote wawili tuwaache wapumzike.

Louis tutakayemchukua ni yule wa kati ya mwaka 1938 na 1941. Alizaliwa Alabama tarehe 13 Mei 1914, akakulia Detroit. Alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu tarehe 22 Juni 1937 kwa kumwangusha James Braddock katika raundi ya 8, akaushika mpaka alipostaafu Machi 1949. Katika muda huo aliutetea ubingwa wake mara 25, na hakuna bondia mwingine wa uzito wa juu aliyefika idadi hiyo. Kwa jumla alishinda mapigano 66 na kushindwa 3. Katika ushindi huo, 52 ulikuwa wa kuangusha.

Ali tutakayemchukua ni yule wa mwaka 1966 na mwanzo wa 1967. Alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942. Alipata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Rome mwaka 1960, akamnyang'anya Sonny Liston ubingwa Februari 1964. Tarehe 14 Novemba 1966, mjini Houston, alimmaliza Cleveland Williams katika raundi ya 3, na wajuzi wengi husema kwamba usiku ule ndio aliokamilika kuliko usiku mwingine wowote. Kwa jumla alishinda mapigano 56 na kushindwa 5.

Tukiwasimamisha pamoja, Ali ana futi 6 na inchi 3. Louis anakaribia futi 6 na inchi 2. Mikono ya Ali ikinyooshwa ina inchi 78, ya Louis 76. Ali alipima ratili zipatazo 213 usiku wa Williams. Louis alipima zipatazo 199 usiku wa Schmeling mwaka 1938. Kwa hivyo Ali ni mrefu na mzito kidogo. Lakini jambo hili lisitiwe chumvi. Louis aliwaangusha majitu: Primo Carnera alikuwa na futi 6 na inchi 6 na ratili 260, na Louis alimmaliza katika raundi ya 6 mwaka 1935. Ukubwa wa mtu haukuwa ukimtisha.

HOJA ZA BWANA BAHARIA

Tuanze na upande wa marehemu, kwa kuwa hana tena ulimi wa kujitetea.

Louis hakuwa mtu wa kurukaruka. Alitembea kwa hatua fupi, akikuburuta pole pole mpaka mahali anapopataka. Ngumi zake zilisafiri masafa mafupi, na zilikuja kwa mfululizo: kushoto, kulia, kushoto, kila moja imemtayarishia njia nduguye. Mtu akitikisika mbele ya Louis hakupewa nafasi ya kupumua. Schmeling, aliyemshinda Louis mwaka 1936 katika raundi ya 12, walirudiana naye tarehe 22 Juni 1938 katika uwanja wa Yankee, New York. Pigano lote lilikwisha kwa dakika 2 na sekunde 4. Hiyo ndiyo filamu aliyoiona Bwana Baharia, na mtu aliyeiona hawezi kulaumiwa kwa kuingiwa na hofu.

Ali naye alikuwa na aibu zake za ufundi. Mikono yake aliiweka chini. Ngumi ikija hakuinama, bali aliuvuta mwili nyuma, jambo ambalo kila mwalimu wa ngumi hulikataza. Kasi yake ilimwokoa, lakini haikumwokoa kila mara. Sonny Banks alimwangusha mwaka 1962 kwa konde la kushoto la kuzungusha. Henry Cooper alimwangusha kwa konde la namna hiyo hiyo mjini London, tarehe 18 Juni 1963, mwishoni mwa raundi ya 4. Joe Frazier naye alimwangusha kwa kushoto katika raundi ya 15, Machi 1971.

Cooper alikuwa na ratili zisizofika 190. Aliipiga ngumi yake ikiwa sekunde zimesalia chache mno, kengele ikalia, na Ali akapata muda wa kuzindukana kitini. Sasa jiulize, msomaji: lau ngumi ile ingalipigwa na Joe Louis, na ingalipigwa katikati ya raundi, ingalikuwaje? Hapo Bwana Baharia angalitabasamu na kunywa kahawa yake.

Louis mwenyewe aliwahi kulijibu swali letu. Mwaka 1967 jarida la ngumi la The Ring lilichapisha makala yenye jina lake akieleza jinsi ambavyo angalimshinda Ali. Hakusema kwamba angalishindana naye kwa mbio. Alisema angalimsonga, angalimsukuma kwenye kamba, na angalimpiga mbavuni mpaka miguu ile ipungue mwendo. Hayo si maneno ya mtu mwenye wivu tu. Ni maneno ya fundi anayetazama nyumba ya fundi mwenzake na kuona wapi pana ufa.

HOJA ZA BWANA FUNDI

Sasa tuje upande wa pili.

Joe Louis alisumbuliwa zaidi na watu wa aina moja, nao ni watu wepesi wa miguu. Januari 1937 Bob Pastor alimkimbia kwa raundi 10 nzima. Louis alishinda kwa pointi tu, na watu walimzomea. Desemba 1947 Jersey Joe Walcott, mtu wa hila na miguu, alimwangusha mara 2, na ushindi aliopewa Louis usiku ule bado unabishaniwa.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa Billy Conn. Tarehe 18 Juni 1941 Conn alipanda ulingoni mjini New York akiwa mwepesi kwa Louis kwa zaidi ya ratili 20. Kwa raundi 12 alimzunguka bingwa, akimgusa na kuondoka, hata wahukumu wawili kati ya watatu walimweka mbele. Alikuwa amebakiwa na raundi 3 tu kuwa bingwa wa dunia. Lakini ujana ukampanda kichwani. Katika raundi ya 13 alisimama kupigana ngumi kwa ngumi ili amwangushe Louis, na Louis alikuwa akilingoja hilo tangu jioni. Conn aliangushwa zikiwa zimesalia sekunde 2 raundi iishe.

Tazama basi. Ikiwa mtu mdogo kama Conn, asiyekuwa na ngumi za kumtisha Louis, aliweza kuongoza kwa raundi 12, je, mtu mwenye miguu kama yake, aliyemzidi kwa karibu ratili 40 na mwenye mikono mirefu, angalishindwa kwenda raundi 15?

Tena Louis alikuwa na aibu yake. Alipoupiga mkono wa kushoto na kuurudisha, aliuacha ushuke kidogo. Schmeling aliliona hilo katika filamu kabla ya pigano la mwaka 1936, na kila mkono uliposhuka aliupitisha wa kulia juu yake. Mkono wa kulia wa Ali ulikuwa mwepesi zaidi kuliko wa Schmeling, na macho yake hayakuwa ya kulikosa jambo kama hilo.

Na kuhusu kuanguka, ni kweli Ali aliangushwa. Lakini katika maisha yake yote hakuhesabiwa mpaka 10 hata mara moja. Banks alimwangusha, kisha Banks ndiye aliyeshindwa. Cooper alimwangusha, na katika raundi iliyofuata pigano likasimamishwa kwa ajili ya jeraha la Cooper. Frazier alimwangusha, naye akainuka mara moja akamaliza pigano kwa miguu yake. Louis pia alikuwa mtu wa kuinuka: Braddock alimwangusha, Tony Galento alimwangusha, Walcott alimwangusha, na wote watatu aliwashinda. Katika jambo hili mizani imelala sawa.

HUKUMU

Ninavyoliona mimi, pigano lingalikwenda hivi. Katika raundi 5 za mwanzo Louis angaligusa hewa zaidi kuliko mwili, na mkono wa kushoto wa Ali ungalimpata usoni mara nyingi. Louis asingalitaharuki, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutaharuki. Kuanzia raundi ya 6 ngumi za mbavuni zingalianza kufika, na miguu ya Ali ingalipungua. Mahali fulani katika raundi ya 8, 9 au 10, Louis angalimpata kwa kushoto na Ali angalikwenda chini. Hapo ndipo roho za watu zingalipanda juu.

Naamini Ali angaliinuka. Angalimkumbatia Louis, angalimwegemea na kuzungumza naye sikioni kama ilivyokuwa tabia yake, mpaka kengele ilie. Na katika raundi za mwisho asingalifanya kosa la Conn. Ali alikuwa mwenye majivuno ya ulimi, lakini ndani ya ulingo alikuwa mtu wa hesabu. Kwa raundi 15 namwona akishinda kwa pointi chache.

Hata hivyo, kama wangalipigana mara 10, Ali simpi zote. Nampa 6, na 4 nampa Louis, na hizo 4 zote za kuangusha. Mtu aliyesema kwamba Louis angalimshinda Ali hakusema upuzi. Alisema jambo ambalo lina nafasi 4 katika 10.

Kisha liko la kurudiana. Louis katika pigano la pili alikuwa hatari zaidi kuliko la kwanza: Schmeling, Pastor, Conn, Walcott, wote aliporudiana nao aliwaangusha. Ali naye alikuwa hivyo hivyo: Frazier, Ken Norton na Leon Spinks walimshinda mara ya kwanza, naye akawashinda waliporudiana. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa makosa yao. Kwa hiyo pigano la pili sithubutu kulitabiri.

MIAKA ILIYOPOTEA

Katika kupekua habari hizi niligundua jambo ambalo barazani hatukuwahi kulizungumza. Mabingwa hawa walikuwa wakitofautiana sana, lakini msiba uliowafika ulikuwa mmoja.

Louis aliingia jeshini mwaka 1942. Fedha za mapigano mawili ya mwaka huo alizitoa, za kwanza kwa mfuko wa kuwasaidia wanamaji, za pili kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu. Alipigana mapigano ya maonyesho 96 mbele ya askari. Tangu Machi 1942 hadi Juni 1946 hakuutetea ubingwa wake, na miaka hiyo ilikuwa ya utu uzima wake. Baadaye serikali ilimdai kodi, hata fedha alizozitoa sadaka zikahesabiwa katika pato lake, na deni pamoja na riba likapindukia dola milioni 1. Ndiyo sababu alirudi ulingoni akiwa amechoka, na ndiyo sababu mwaka 1956 bingwa yule alipigana mieleka ya kulipwa.

Ali alikataa kuingia jeshini tarehe 28 Aprili 1967. Alinyang'anywa ubingwa na kuzuiwa kupigana, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 ambacho hakukitumikia kwa kuwa alikata rufani, mpaka Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta hukumu hiyo. Tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970 hakupigana. Ali yule wa usiku wa Houston hakurudi tena. Aliyerudi alikuwa mwenye akili zaidi na miguu michache.

Mmoja alikubali kulitumikia jeshi, wa pili alikataa, na wote walilipa kwa ujana wao. Nao badala ya kuoneana huruma walirushiana maneno. Louis kwa muda mrefu alikataa kumwita Ali kwa jina lake, akishikilia lile la Clay. Ali naye alimwita Louis mtu mweusi anayejipendekeza kwa wazungu. Si mmoja wao aliyekuwa mwadilifu kwa mwenzake. Louis hakuwa mtu wa kujipendekeza: alipokuwa jeshini Jackie Robinson na wenzake weusi walikuwa wakizuiliwa kuingia mafunzo ya uofisa, na Louis ndiye aliyekwenda kuwatetea kwa wakubwa mpaka mlango ukafunguliwa. Alifanya bila ya kelele, basi watu hawakuona. Na Ali, aliyesimama mbele ya serikali yake mwaka 1967, Februari 1980 alikuja Dar es Salaam na Nairobi akiwa mjumbe wa Rais Carter, kuzishawishi nchi zetu zisiende katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Mwanadamu hapimwi kwa siku moja wala kwa neno moja.

Joe Louis alikuwa akifanya kazi ya kuwakaribisha wageni katika hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas. Tarehe 11 Aprili 1981, akiwa katika kiti cha magurudumu, alihudhuria pigano la Larry Holmes na Trevor Berbick mahali hapo hapo. Kesho yake alifariki. Holmes alikuwa amekwisha kumshinda Ali miezi sita nyuma, na Berbick akamshinda Desemba ya mwaka huo katika pigano lake la mwisho. Hivyo mtu wa mwisho kutazamwa na Louis ulingoni, na mwenzake, ndio wawili wa mwisho kumshinda Ali. Na miongoni mwa waliosaidia gharama za maziko ya Louis alikuwa Max Schmeling, yule yule Mjerumani aliyepigwa kwa dakika 2. Ali naye alifariki tarehe 3 Juni 2016 akiwa na miaka 74, akaswaliwa sala ya jeneza mjini kwao Louisville.

KWA BWANA FUNDI

Nilirudi kwa Bwana Fundi nikamsomea niliyoyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yote miwili juu ya mkongojo.

"Kwa hivyo mimi ndiye niliyeshinda," alisema.

"Kwa pointi, ami," nikamjibu. "Na marehemu ana nne katika kumi."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba kumpenda Ali hakuoni kuwa kosa, kwa sababu Ali ni ndugu yake katika dini na atampenda mpaka kufa. Kosa lake ni kuyaleta mapenzi hayo mahali palipotakiwa ushahidi, na kumpima nayo Muislamu mwenzake. Nikakumbuka yale tuliyofundishwa chuoni, kwamba shahidi wa haki hatazami jamaa wala adui.

Aliniomba nimpeleke kwa mtoto mkubwa wa Bwana Baharia, na Ijumaa iliyopita tulikwenda baada ya sala. Aliyoyasema huko ni yao, si ya gazeti. Ninachoweza kusema ni kwamba kahawa ililetwa, na watoto wa nyumba ile wakauliza Joe Louis alikuwa nani. Bwana Fundi ndiye aliyewaeleza, akaanza na dakika 2 na sekunde 4, na alimsifu kwa kila sifa anayoistahiki.

Nami namalizia kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yangu:

Mizani ukiishika, usiitie mapenzi,
Neno likishakutoka, halirudishwi na wenzi,
Mwenzio akiondoka, humpati kwa simanzi,
Haki ndiyo ya kushika, hata iumize penzi.